Kitabu cha Wageni cha Jengo la Maonyesho

Jengo ninalolinda ni refu. Kwa mwendo wangu wa goti bovu natumia dakika sita kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Ukiondoa wiki chache za maonyesho, mwezi wa tisa na wa kumi, mwaka mzima humo ndani tunabaki mimi, panya, na watu waliochorwa ukutani.

Liko kwenye uwanja wa maonyesho ya jimbo, mashariki kidogo ya katikati ya Dallas. Wenyeji wana jina lao la uwanja huo. Mimi nauita Sabasaba, kwa sababu Mtanzania ukimwonyesha mabanda, ng'ombe walioogeshwa na foleni ya vyakula vya kukaanga, ataita Sabasaba hata kama yuko mwezini. Marehemu mke wangu akiulizwa mumeo anafanya kazi wapi, alikuwa anajibu, "Yuko Sabasaba," na Wakenya wa kanisani kwetu Cedar Hill wanaduwaa, maana kwao Sabasaba ni siku ya maandamano. Nilikuwa napenda kuona nyuso zao.

Nimepokea wageni wengi kwenye lile jengo. Niliyemtaka kwelikweli alikuwa mmoja tu, binti yangu anayekaa Houston, na nitaeleza jinsi nilivyomkosa.

Historia ya jengo niliipata vipande vipande kwa mama mmoja Mmarekani mweusi, mzaliwa wa mtaa wa jirani, ambaye kazi yake ni kupanga vitu kwenye makabati ya vioo. Amenizidi miaka kama kumi, na ananizidi pia kwa miguu na kwa maneno. Mbele yake namwita "ma'am" kama watu wa hapa, ila moyoni namwita Dada Mkubwa. Yeye ndiye aliyeniambia kuwa jengo lilijengwa jimbo liliposherehekea miaka mia moja, wakati wa dhiki, watu hawana kazi. Lilijengwa haraka haraka, kwa ajili ya msimu ule tu. Nikamwelewa vizuri sana. Kwetu Morogoro nilikuwa karani wa kilimo, na kila mwezi wa nane tulikuwa tunasimamisha banda la Nane Nane kwa mbao na chokaa, tukiapa kwamba mwakani tutajenga la maana. Mwakani tunapaka chokaa nyingine.

Basi wageni wa miaka mia moja wakaondoka, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kulibomoa. Likawekwa injini za treni, baadaye magari mapya, baadaye mafriji na majembe ya trekta. Kuna wakati lilikuwa stoo tu, mvua inaingia. Picha za ukutani zilipakwa rangi juu yake, zikasahaulika kabisa, mpaka walipokuja mafundi na brashi ndogo kama miswaki, wakakwangua siku baada ya siku. Kwenye ukuta wa kaskazini akatokea mwanamke amebeba mganda wa ngano, mrefu kuliko nguzo ya umeme. Uso wake una ufa unaoanzia kwenye jicho.

Huyo namwamkia kila asubuhi. "Shikamoo mama," nikiwasha taa. Haitikii. Tangu mke wangu afariki, yeye ndiye mtu wa kwanza ninayemsalimia kila siku, na siku nyingine ndiye wa mwisho. Naandika hivyo bila aibu. Nyumba ya vyumba vinne ukiwa peke yako ni adhabu, na jengo kama lile ni nafuu, maana lenyewe limejengwa ili liwe tupu.

Kitu kimoja kilinikera tangu wiki yangu ya kwanza. Jengo la umri ule halikuwa na kitabu cha wageni! Kwetu hata ukienda kwa mwenyekiti wa mtaa kugongewa muhuri unasaini kitabu. Nilitafuta stoo nzima nikidhani viko kwenye maboksi. Sikuona hata kimoja. Nikanunua daftari kubwa la jalada gumu, nikachukua rula, nikapiga mistari: tarehe, saa ya kuingia, jina, anakotoka, maoni. Nikaandika Kiswahili juu na Kiingereza chini, nikaliweka kwenye meza ndogo mlangoni na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Bosi wangu alicheka mpaka akashika meza, lakini akaliacha.

Na watu wakasaini. Wamarekani wanapenda kusaini. Wanachora vikatuni na mioyo kwenye safu ya maoni. Dada Mkubwa alikuja akavaa miwani, akapekua kurasa, akasema, "Hata kama zamani wangekuwa na kitabu, sisi ungetukuta kwenye ukurasa mmoja tu." Sikumwelewa. Ndipo akanieleza kwamba alipokuwa mtoto, watu weusi waliruhusiwa kwenye maonyesho siku moja tu, basi. Siku hiyo mama yake aliwavalisha nguo za Pasaka.

Nikamuuliza walikuwa wanakaa wapi. Akanishika mkono wa shati akanitoa nje, tukatembea hadi kwenye maegesho ya magari, eneo la lami lisilo na mti. Nyumba zote za mtaa wao zilivunjwa ili wageni wa maonyesho wapate pa kuegesha. Gari lake lilikuwa limesimama karibu na nguzo ya taa. "Hapa palikuwa jiko la mama yangu," akasema. "Naegesha hapa kila siku." Nikamwambia pole, kwa Kiswahili. Hawana neno hilo kwao, ila alilipokea.

Sasa nirudi kwa mke wangu. Alikuwa msaidizi wa wauguzi hospitali moja ya Fort Worth, na mikono yake haikujua kukaa bure. Alidarizi vitambaa vya makochi, vya meza, vya kufunikia televisheni, kila kimoja na maneno yake. Nyumba yetu ungeisoma kuanzia mlangoni. Mimi nilikuwa nalalamika kwamba siwezi hata kuegemeza kichwa bila kuhubiriwa.

Kitambaa chake cha mwisho kilikuwa cheupe, nyuzi nyekundu, herufi kubwa, na methali anayoijua kila mtu: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alikianza akiwa tayari anaumwa. Aliposhindwa kushika sindano, maneno yalikuwa yamefika hapa: MGENI NJOO, MWENYEJI APO. Zilibaki herufi mbili. Mtu asiyejua angedhani ameandika "mwenyeji hapo," akameza h kama vijana wanavyoandika kwenye simu. Mimi nilijua amekusudia nini, na nilijua hakupona.

Siku ya arobaini yake, baada ya watu kula pilau na kuosha vyombo na kuondoka, nilimwambia binti yangu neno baya. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, watu wa Morogoro wananijua. Yeye ni muuguzi kamili, amesoma. Nikamwambia, "Wewe unauguza watu baki Houston, mama yako anafia Fort Worth." Alichukua pochi na funguo zake, akatoka, na kule Houston ni mwendo mrefu, ukisimama kuweka mafuta unakaribia saa nne njiani. Tangu siku hiyo tulikuwa tunaandikiana tu ujumbe wa simu, kwa Kiingereza, maneno matatu matatu. Nilijua nimekosa. Kuomba radhi sikujua naanzia wapi, maana kwetu mzazi haombi radhi, anatuma tu mtu amwambie mtoto aje kula. Na wa kumtuma ndiye tuliyemzika.

Nikakichukua kile kitambaa nikaenda nacho kazini. Dada Mkubwa alikikuta mezani kwangu. Nilimweleza maneno yote na herufi mbili zilizobaki, na akaniuliza nani atazimalizia. Nikasema hakuna. Akanitazama vile walimu wa shule ya msingi walivyokuwa wananitazama. Kesho yake alikuja na fremu ya mbao na sindano yenye tundu kubwa, akanifundisha mshono wa mnyororo. Wiki tatu nzima nilishona kwenye kipande cha shuka kuukuu chini ya yule mwanamke wa ngano, miwani puani, vidole vimetobolewa kama chujio. Kama mke wangu angeniona angecheka mpaka alie.

Mwishowe nikashona kwenye kitambaa chenyewe. N ilikubali. E ilinikatalia, ule mkono wa katikati ukapinda kwenda juu, na nilipotaka kuifumua Dada Mkubwa akanikataza. Akakinyoosha kwa pasi, akakiweka kwenye kabati la kioo karibu na mlango, ambalo kila msimu hulitenga kwa kazi za mikono za watu wanaofanya kazi pale uwanjani. Halina mashindano wala utepe wa mshindi, ni kabati tu lenye taa. Nilipiga picha, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano nikamtumia binti yangu kitu kisicho na maneno.

Alipiga simu siku hiyohiyo.

"Baba," akasema, "tuongee Kiswahili tu. No English. Mama alitaka hivyo."

"Haya. Ukianza Kizungu nakata simu."

Akacheka kidogo. Aliletwa huku akiwa na miaka sita. Anakisikia Kiswahili chote, ila kukisema ni kazi, na kingi amekiokota kwa wauguzi wa Kenya anaofanya nao kazi. "Sunday ya mwisho... Jumapili ya mwisho ya hiyo show, siko kazi. Nita-drive. Nataka kuona kitambaa ya Mama kabla waitoe. Nikuje saa ngapi?"

Mlango unafunguliwa mapema, watu wanajaa mchana. Nikapiga hesabu: akitoka Houston alfajiri atafika kabla ya msongamano. "Njoo saa nne," nikamwambia. "Nitakuwa mlangoni."

"Saa nne," akarudia polepole, kama mtoto anayetumwa dukani. "Saa nne, mlangoni. Sawa, Baba. Nimeshika."

Jumapili hiyo nilikuwa mapumzikoni, lakini nilivaa suti yangu ya harusi za watu, na saa tatu na nusu nilikuwa nimeshasimama mlangoni. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Ningemwonyesha kabati, ningesubiri asome hadi mwisho, halafu ningemwambia, lile neno nililokuambia arobaini ya mama yako lilikuwa la kijinga. Nililifanyia mazoezi mbele ya ukuta wa kaskazini.

Saa nne ikafika. Familia zikapita na vitoroli vya watoto. Mzee mmoja akaniuliza choo kiko wapi, nikamwelekeza. Saa tano nikapiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Mimi si mtu wa kupiga mara mbili. Nje harufu ya mafuta ya kukaangia ilikuwa imetanda, ndani watu wamepanga foleni kusaini kitabu changu, na kila mwanamke mwembamba aliyetokea kwenye mwanga wa mlango nilidhani ni yeye. Saa sita nilikuwa bado nimesimama. Saa saba mguu ukaanza kufa ganzi, nikakataa kukaa, maana nilisema nitakuwa mlangoni, sikusema kwenye kiti.

Saa nane nikasema basi. Nilirudi kwenye gari, nikaweka simu kimya, nikaitupa kwenye kidroo cha mbele na kukifunga kwa kishindo. Aibu ndiyo iliyoniuma zaidi. Nimevaa suti! Watu wote wa uwanjani waliniona nimevaa suti. Sikutaka kwenda nyumbani, nikaendesha hadi Fort Worth, kwenye yale maghorofa karibu na maghala tulikopangia mwaka wa kwanza, watu watatu chumba kimoja. Nilikaa ndani ya gari nikitazama dirisha letu la zamani. Kulikuwa na pazia la watu wengine. Nilikaa hadi jua likazama ndipo nikarudi Cedar Hill, nikala mkate mkavu, nikalala.

Asubuhi nikaikumbuka simu. Alikuwa amepiga mara saba. Ya kwanza ilikuwa saa nane na nusu mchana, ya pili saa kumi na dakika tano, nyingine zikafuatana hadi jioni. Na ujumbe mmoja: *Baba uko wapi?*

Ananiuliza mimi! Niliongea peke yangu jikoni kama chizi. Mtu hakutokea saa nne, amekumbuka baada ya chakula cha mchana, halafu ananiuliza mimi niko wapi. Mtoto wa nyoka ni nyoka, nikasema, kiburi hiki kanirithi mimi. Sikumjibu. Nikavaa sare, nikaenda kazini kubomoa maonyesho.

Jumatatu baada ya maonyesho ndiyo siku mbaya kuliko zote za mwaka. Wanang'oa mazulia, wanakunja meza, forklifti zinapiga kelele, na kila saa ukumbi unazidi kuwa mkubwa. Dada Mkubwa alikuwa ameshakitoa kitambaa kwenye kabati na kukifunga kwenye karatasi nyeupe. Jumapili yeye huwa kanisani, kwa hiyo aliuliza kwa furaha tu, "Ameonaje?" Nikamjibu kwa mkato kwamba hakuja.

Nikaenda kuchukua daftari langu mlangoni. Nina desturi ya kupiga mstari mwekundu chini ya mgeni wa mwisho wa msimu. Nikafungua ukurasa, nikauona mwandiko wake.

Kwenye anakotoka alikuwa ameandika Houston. Kwenye maoni, herufi ndogo zilizobanana hadi pembeni mwa ukurasa: *Baba nimekuja saa nne kama ulisema. Nimengoja mpaka saa sita. Mama ameandika vizuri sana. E ya mwisho sio yake. Ni yako?*

Kwanza nilipandwa na hasira. Saa nne mpaka saa sita nilikuwa nimesimama palepale, hatua mbili kutoka kwenye meza hiyo! Ananidanganya, tena ndani ya kitabu changu. Nikapeleka kidole kwenye safu ya saa ya kuingia, ili nimshike vizuri. Alikuwa ameandika 4. Mgeni wa juu yake, mtu wa Richardson, alikuwa ameandika 3:50.

Nilisoma mstari ule mara ya pili, halafu nikakaa chini sakafuni na suruali yangu ya sare. Nne yake ni ya saa ya ukutani, kwetu saa kumi. Nani angemfundisha kwamba sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza? Mama yake ndiye aliyekuwa anapeleka maneno baina yetu, na alikuwa anayageuza bila sisi kujua. Yule mtoto aliniomba tuongee Kiswahili, akakisema, akakiamini, na kikamwangusha. Alisimama mlangoni mimi nikiwa Fort Worth natazama pazia la watu. Alisimama saa mbili nzima.

Dada Mkubwa alinikuta pale chini, akadhani goti limeachia. Nilimweleza kuhusu saa zetu. Hakucheka. Aliniwekea kile kitambaa mapajani, akaniambia nipige simu kabla hajaipiga yeye.

Binti yangu alipokea mara ya kwanza tu.

"Nimesoma kitabu," nikasema.

"Nilikuja mpaka nyumbani, Baba. Gari haikuwa. Nikasema bado umekasirika juu ya Mama."

Maneno yote niliyoyafanyia mazoezi yalikuwa yamenitoka. Nikasema yaliyobaki. "Mama yako hukumuua wewe. Nilisema upuuzi. Nisamehe." Nyuma yake kulikuwa na sauti za wodini, mtu anaitwa kwenye kipaza sauti. "Na hiyo E ni yangu," nikaongeza. "N pia."

"N ni nzuri," akasema.

Nikamweleza habari ya saa kwa kifupi. Akasema "Oh my God, Baba," na siku hiyo sikukata simu kwa sababu ya Kizungu. Nikamwambia Jumamosi nitakuja Houston, nitaleta kitambaa kikae kwake.

"Nitatoka kazi alasiri. Utakuja saa ngapi?"

"Saa nne," nikamwambia. "Saa nne yako."

Jumamosi nilitoka Cedar Hill alfajiri. Nilifika kwake saa nne yangu, nikaegesha mbele ya nyumba, kitambaa kwenye kiti cha pembeni, chai kwenye chupa. Jirani wake alinichungulia mara mbili, nikampungia mkono. Sikumpigia simu binti yangu kumwambia nimefika. Nilikaa hadi saa sita, hadi saa nane, nikiangalia kona ya barabara. Saa kumi kasoro robo nikatoka garini, nikanyoosha goti, nikaenda kusimama.

Gari lake lilipokata kona, nilikuwa mlangoni.